Kufufua Bunduki ya Upepo ya Springi: Mwongozo Kamili kwa Aliyenunua HW80 Iliyotumika

Bunduki ya upepo ya springi haina mtungi wa gesi, haina betri wala baruti. Ukikunja mtutu kwenda chini, mkono wa kukokia unairudisha pistoni nyuma na kuibana springi nene ndani ya silinda. Ukivuta triga, springi inaisukuma pistoni mbele kwa nguvu zote, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla mpaka inapata moto, inapenya kwenye tundu dogo na kuitoa risasi mtutuni. Ni vyuma vichache sana vinavyofanya kazi hiyo, na ndiyo maana bunduki iliyotengenezwa miaka 40 iliyopita inaweza leo kupiga vizuri kuliko siku ilipotoka kiwandani, mradi aifungue mtu mwenye subira.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kufuata HW80 ya Weihrauch, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo sana katika maduka ya bunduki zilizotumika huku Uingereza, na kwa sababu mafundi wa Ujerumani waliijenga ifunguke. Weihrauch walianza kazi mwaka 1899 huko Thuringia, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakahamia Mellrichstadt, Bavaria, ambako wako mpaka sasa. HW80 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marekani iliuzwa kwa jina la Beeman R1. Ukiwa na HW95 au HW35, mengi ya hapa yatakufaa. Ukiwa na BSA, Webley au Diana, kanuni ni zilezile, lakini kizibo kinachofunga nyuma ya silinda mara nyingi hushikwa na pini badala ya nyuzi za kuzungusha kama za skrubu, na hilo linabadilisha namna ya kuitoa springi.

Wengi wakiipata bunduki ya namna hii, swali la kwanza ni namna ya kuiongezea nguvu. Mimi nasema achana na nguvu. Kinachoiharibu bunduki ya springi ni pleyi, yaani kucheza kwa vyuma vilivyolegea, na ukwaruzo: springi inayocheza juu ya kiongozi chake (bomba linalosimama ndani yake), pistoni inayogonga kuta za silinda, skrubu za kitako zilizolegea, sili (kizuia hewa) inayovujisha. Kila kilicholegea kinatetema, na mtetemo huo unaufikia mtutu kabla risasi haijatoka. Kazi yetu yote ni kuondoa pleyi na kulainisha panapokwaruza. Shabaha itakuja yenyewe.

Sheria kwanza

Uingereza na Wales, bunduki ya upepo ambayo nishati ya risasi yake inapotoka mtutuni haizidi joule 16.27 (hapa wanaita futi-pauni 12) haihitaji cheti. Ikizidi hapo hata kidogo, kisheria ni silaha ya moto, na kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai, hata kama uliinunua hivyo bila kujua. Anayenunua lazima awe ametimiza miaka 18, na mwenye duka lazima akukabidhi ana kwa ana. Mwenye bunduki anatakiwa pia kuchukua tahadhari ili watoto wasiifikie, kwa hiyo kabati lenye kufuli ni jambo la busara nyumbani kwenye watoto. Scotland wana leseni yao tangu tarehe 31 Desemba 2016. Ireland ya Kaskazini wanadai cheti kuanzia joule 1. Ujerumani mpaka ni joule 7.5, na bunduki inakuwa na herufi F ndani ya pembetano. Kama unataka kuja nayo nyumbani Kenya au Tanzania, usiiweke kwenye sanduku ukidhani ni kitu cha kuchezea. Nenda polisi kwanza uulize, kwani Kenya sheria ya silaha inaihesabu bunduki ya upepo pamoja na silaha za moto.

Kuikagua kabla ya kulipa

Hakikisha haina risasi wala haijakokiwa. Kwenye HW80, kitufe cha usalama kilicho nyuma ya silinda upande wa kushoto huchomoza chenyewe bunduki inapokokiwa, kwa hiyo kikiwa kimechomoza, kuna springi iliyobanwa ndani.

Shika mtutu ukiwa umefungwa, uusukume kushoto na kulia. Usicheze hata kidogo. Kisha muombe muuzaji ruhusa ya kuikoki. Sikiliza: mlio wa kusaga unaashiria ukavu au springi iliyopinda, na mgongano wa chuma kwa chuma unaashiria springi iliyokatika. Mtutu ukiwa chini, shikilia kwa mkono usiouachia, na kidole kiwe mbali na triga. HW80 haina kizuizi cha kuizuia triga mtutu ukiwa wazi. Triga ikiachia wakati huo, mtutu unarudi juu kwa nguvu ya kupinda chuma na kuvunja vidole. Sheria hii ya kushikilia mtutu haina likizo, iwe dukani, nyumbani au uwanjani.

Angalia mdomo wa mbele wa mtutu kwa kijiti cha pamba cha masikioni: kizungushe taratibu ukingoni, na kikinasa nyuzi, hapo kuna mkwaruzo. Tazama skrubu. Vichwa vilivyoliwa na bisibisi vinakwambia kuna mtu aliyepita humo ndani. Kutu ya juujuu isikutishe, lakini kutu iliyochimba vishimo kwenye mtutu ishushe bei.

Kama muuzaji ana kronografu, kile kipima mwendo wa risasi, piga risasi chache juu yake. Takwimu za kabla ya kazi ni hazina, kwani bila hizo hutajua kama ulichofanya kimesaidia. Na ikionekana imevuka mpaka wa sheria, iache hapohapo dukani.

Vifaa

Utahitaji bisibisi za fundi bunduki zenye ncha inayojaa mfereji wa skrubu sawasawa, kigongeo cha pini cha shaba, nyundo ya mpira, jiliwa lenye midomo iliyofunikwa kwa mbao au ngozi, msasa laini wa namba 400 hadi 1000, pamba ya chuma namba 0000, mafuta ya taa na vitambaa vingi. Nunua sili mpya ya pistoni, sili mpya ya mtutu na springi mpya iliyotengenezwa kwa kiwango cha chini ya joule 16, siyo ile ya soko la nguvu kubwa. Grisi ni za aina mbili: ya molibdenamu kwa vyuma vinavyosuguana, na ile nzito inayonata kama lami kwa ajili ya springi peke yake. Miwani ya kukinga macho ivaliwe tangu mwanzo.

Jambo moja zaidi ni kishinikizo cha springi. HW80 ina kizibo cha nyuma chenye nyuzi ndefu, na wapo wanaokifungua kwa mkono huku wamekiegemeza kifuani. Sikushauri. Nyuzi zikifika mwisho, springi bado ina msukumo, na chuma hicho kizito kinaelekea kwenye mbavu au uso wako. Chukua ubao mnene mrefu kuliko bunduki, weka kizuizi imara kila mwisho, na kimoja kipitishe bolti ndefu inayosukuma mbele unapoizungusha. Ncha ya bolti iwe na washa (kipete bapa cha chuma) pana iliyopakwa grisi, ili kizibo kiweze kuzunguka huku kimebanwa.

Kuifungua

Toa darubini. Legeza skrubu mbili zilizo pembeni mwa sehemu ya mbele ya kitako, moja kila upande, kisha zile za kinga ya triga. Inua vyuma vyote kutoka kwenye mbao. Piga picha kila hatua, na kila skrubu iende kwenye kisahani chake.

Sasa unaiona triga ya Rekord, kasha dogo la chuma lililoshikwa na pini mbili. Hii ndiyo iliyompa Weihrauch jina, na imekuwa kwenye bunduki zake tangu miaka ya 1950 kwa sababu haina cha kuongezewa. Sukuma pini zote mbili, kasha litashuka mkononi. Weka kidole juu ya kitufe cha usalama wakati huo, kwani nyuma yake kuna springi ndogo inayoruka, na ikiangukia kwenye zulia utaitafuta jioni nzima.

Chora mstari mwembamba kwa kalamu ya rangi kati ya kizibo na silinda. Kizibo lazima kirudi hasa pale kilipokuwa, la sivyo matundu ya pini hayatalingana. Kikiwa kigumu kuanza, ingiza kipande cha mti mgumu kwenye nafasi ya triga uzungushe nacho, kinyume cha saa. Chuma kingeacha alama. Kikishalegea, iweke bunduki kwenye kishinikizo, kaza bolti mpaka iguse, halafu endelea kuzungusha kizibo huku ukiipunguza bolti kidogokidogo. Nyuzi zitakapoachia, msukumo wote utakuwa juu ya bolti. Irudishe nyuma polepole mpaka springi itulie.

Toa springi pamoja na kiongozi chake, lile bomba linalosimama ndani yake. Kisha fungua nati na bolti ya egemeo la mtutu. Kila upande wa egemeo kuna washa nyembamba sana. Zihifadhi, kwa kuwa ndizo zinazozuia mtutu kucheza. Mtutu ukitoka, mkono wa kukokia unachomoka kwenye mfereji wa silinda, na pistoni inateleza kutoka kwa nyuma.

Kusoma vyuma

Usikimbilie kuosha. Uchafu una habari. Sili ya pistoni ikiwa imeungua na kuwa nyeusi ukingoni, mtu alikuwa akimimina mafuta kwenye tundu la hewa. Hili ni kosa la kawaida kupita yote: mtu anaona bunduki imechoka, anaitilia mafuta ya baiskeli, inapiga kwa kishindo na moshi, naye anafurahi akidhani imepona. Kumbe mafuta yanalipuka kwa joto la hewa iliyobanwa, vilevile injini ya dizeli inavyofanya kazi bila plagi. Mlipuko huo unaila sili, unairudisha pistoni nyuma kwa teke na kuikata springi. Mbele ya pistoni hapatiwi mafuta yanayotokana na petroli ya aina yoyote.

Mikwaruzo mirefu ubavuni mwa pistoni inasema ilikuwa ikienda upande. Iangalie pia ndani ya silinda: mistari ya kung'aa siyo tatizo, ila mfereji unaouhisi kwa ukucha unahitaji fundi mwenye mashine. Fimbo ya pistoni, pale inaposhikwa na triga, iwe na ukingo safi usioviringika. Ukiuona umeviringika au umemomonyoka, badilisha pistoni, maana hapo ndipo bunduki nzima inaposhikwa.

Springi ya zamani ibingirishe kwenye kioo cha meza. Ikirukaruka, imepinda. Isimamishe kando ya mpya: iliyochoka huwa fupi. Hata ikionekana nzima, mimi huibadilisha, kwani bei yake ni ndogo kuliko kazi ya kufungua mara ya pili.

Kulainisha

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, nje au dirisha likiwa wazi, mbali na moto. Kasha la triga lioshe zima bila kulifumua, litikise, likauke. Tundu la hewa lipitishie kijiti cha kusafishia kiko.

Sasa ingia kwenye kingo za silinda, na hapa usihesabu muda. Mifereji iliyokatwa chini ya silinda, wa triga na wa mkono wa kukokia, mara nyingi ina kingo kali zilizoachwa na mashine. Sili mpya inapita juu ya kingo hizo inapoingia, na ukingo mmoja tu unatosha kuikata mdomo. Funga msasa wa 400 kwenye kijiti cha duara, pitisha kwa ndani ya ukingo ukielekea nje, mara chache, ukipapasa kwa kidole mpaka usihisi ukali. Malizia na 1000. Usiguse ile sehemu ya mbele ya silinda ambamo sili inafanya kazi yake. Pale pakiwa laini kupita kiasi au pakiliwa, hewa inapita. Baada ya hapo osha tena, kwani unga wa msasa ukibaki ndani utaendelea kusaga kila unapopiga.

Ncha mbili za springi mpya nazo zisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka zing'ae. Springi inapobanwa na kuachiwa huwa inajizungusha kidogo, na ncha yenye meno inakwama kisha inaruka. Ndiyo sehemu kubwa ya ule mlio wa "twaang" unaosikika baada ya kupiga. Sehemu nyingine inatokana na kiongozi chembamba. Springi inatakiwa iingie kwenye kiongozi kwa kusukumwa kidogo, siyo kwa kuanguka yenyewe. Kama inaanguka, agiza kiongozi cha plastiki ngumu kilichochongwa kwa kipimo cha springi yako, au mtafute mwenye lethi, mashine ya kuchongea, akuchongee. Katika fedha zote unazoweza kutumia kwenye bunduki hii, hizi ndizo zinazolipa kuliko nyingine.

Sili ya zamani ing'oe kwa bisibisi pana. Mpya inaingia kwa kusukumwa juu ya kichwa cha pistoni mpaka ikae sawasawa pande zote.

Kufunga

Grisi ya molibdenamu paka filamu nyembamba kwenye kiuno cha nyuma cha pistoni, na nyingine hafifu zaidi mbele, nyuma tu ya sili. Ukingo wa sili upate alama ya kidole, basi. Uso wa sili unaotazama tundu la hewa ubaki mkavu. Ingiza pistoni kwa nyuma, na sili inapofika kwenye mfereji, ibonyeze ndani kwa kipande laini cha plastiki kama kadi ya benki iliyoisha muda, huku ukiisukuma taratibu. Ikipita, ziba tundu la hewa kwa kidole na sukuma pistoni mbele kwa mkono. Unapaswa kuhisi mto wa hewa unaokusukuma kurudi. Usipouhisi, itoe uitazame tena sili, huenda imekatwa.

Rudisha mkono wa kukokia, mtutu, na zile washa nyembamba zikiwa na tone la molibdenamu. Kaza bolti ya egemeo kwa kipimo hiki, ambacho utakihakiki bunduki ikishakamilika: mtutu uliokunjwa nusu, bunduki ikiwa imekokiwa, ubaki pale ulipouacha bila kuanguka, ila usogee kwa mkono bila kulazimishwa. Kisha kaza nati.

Springi ipake ile grisi nzito kwa nje, kiasi cha kuacha weusi juu ya chuma. Isijaze nafasi kati ya mizunguko. Grisi nzito ikizidi, inakula mwendo wa risasi na kuifanya bunduki iwe nzito asubuhi za baridi. Ingiza springi na kiongozi, weka kishinikizo, ikaze bolti mpaka kizibo kifike kwenye nyuzi. Kabla ya kuzungusha mbele, zungusha kinyume mpaka uhisi nyuzi zimedondokea mahali pake kwa mlio mdogo. Hapo ndipo uanze kukaza. Nyuzi hizi ni nyembamba, na zikipishana umeipoteza silinda. Kikaze hadi mstari wako ulingane.

Kitufe cha usalama na springi yake vinatangulia. Kasha la Rekord liingizwe likiwa katika hali ya kukokiwa: bonyeza kishikio cha juu kwa bisibisi mpaka kilie "tik" na kubaki chini. Likiwa hivyo, pini zitaingia kwa vidole au kwa kugongwa kidogo sana. Ukijikuta unapiga nyundo, simama, kuna kitu hakijalingana. Sehemu zinazoshikana ndani ya kasha zipate molibdenamu ya ncha ya kijiti cha meno. Mtutu ukiwa umefungwa, sukuma kitufe na kuvuta triga ili uiachie.

Skrubu kubwa inayoonekana ndani ya kinga ya triga inarekebisha uzito wa kuvuta. Izungushe robo kwa robo. Skrubu nyingine iliyofichika inahusu namna vishikio vinavyoshikana. Ikikosewa, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe. Hiyo iachwe kama ilivyo.

Sili ya mtutu

Hii ni pete ndogo iliyo kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu, pale unapoingiza risasi, na watu wengi huisahau. Ing'oe kwa sindano, safisha mahali inapokaa, weka mpya. Isimame juu kidogo ya chuma, ili mtutu ukifungwa ibanwe. Kuipima ni rahisi: bunduki ikishafungwa yote, laza kipande cha karatasi ya shashi juu ya maungio ya mtutu na silinda, piga ukielekea kwenye kizuizi cha risasi. Shashi ikiruka, hewa inapotea. Mara nyingi kipete cha karatasi ngumu kilichokatwa na kuwekwa chini ya sili kinaimaliza shida hiyo.

Mbao na rangi ya chuma

Kitako cha HW80 kwa kawaida ni cha mti wa mfune wa Ulaya (beech), mgumu na unaovumilia kurekebishwa. Mibonyeo usiikimbilie kwa msasa. Kunja kitambaa chenye maji, kiweke juu ya mbonyeo, gusisha ncha ya pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke unaingia kwenye nyuzi zilizobanwa nazo zinavimba. Rudia, na utaona kishimo kinapanda mbele ya macho yako. Palipokatika nyuzi hapatapanda kabisa, lakini patapungua. Acha kikauke usiku kucha, pitisha msasa laini, kisha mafuta ya kitani kwa matabaka membamba, kila moja likauke kabla ya jingine. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke vikiwa wazi; vikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo vinapata joto na kuwaka vyenyewe.

Kutu ya juu ya chuma itoke kwa pamba ya chuma ya 0000 na mafuta mepesi, kwa mkono mwepesi. Palipobaki peupe, osha mafuta yote kwa spiriti na upake dawa baridi ya kutia chuma weusi. Haitafanana kabisa na rangi ya kiwandani, na mimi sioni ubaya wowote katika hilo.

Unaporudisha kitako, skrubu zake zipate tone la gundi ya nyuzi, ile inayofunguka. Bunduki ya springi inalegeza skrubu zake kila siku ya matumizi.

Kupima

Weka risasi, elekeza kwenye kizuizi imara, na mtutu ukiwa umefungwa gonga kitako kwa kiganja mara kadhaa, usalama ukiwa umeondolewa. Isifyatuke. Ikifyatuka, haitumiki tena mpaka triga ichunguzwe. Kamwe usiipige bila risasi: pistoni inakosa mto wa hewa na kugonga mwisho wa silinda kwa chuma.

Piga kama risasi mia moja kwanza. Mwanzoni kutakuwa na moshi kidogo na harufu, hayo ni mabaki ya grisi. Zikiisha, weka kronografu, piga kumi, na fanya hesabu: uzito wa risasi kwa gramu, zidisha kwa mwendo wa mita kwa sekunde, zidisha tena kwa mwendo huohuo, gawa kwa 2000. Jibu ni joule. Risasi ya milimita 4.5 yenye gramu 0.547 ikienda mita 238 kwa sekunde inatoa joule 15.5, na hapo ni pazuri. Ikifika mita 244, umeshauvuka kidogo mpaka wa sheria. Bunduki hubadilika kwa joto na kwa aina ya risasi, kwa hiyo pima kwa aina kadhaa, na acha nafasi. Ikivuka, usiendelee kuipiga. Ipeleke kwa fundi mwenye kibali.

Soma pia tofauti kati ya risasi ya haraka na ya polepole katika zile kumi. Ikiwa ndani ya mita tatu kwa sekunde, umefunga vizuri. Mwendo mdogo lakini ulio sawasawa mara nyingi ni grisi nyingi kwenye springi. Mwendo unaopanda na kushuka ni mafuta mbele ya pistoni au sili inayovuja.

Darubini inunuliwe iliyoandikwa kwamba inastahimili springi. Pistoni inapoanza kwenda mbele bunduki inasukumwa nyuma, na inapofika mwisho bunduki inavutwa mbele. Teke hilo la pili limeua darubini nyingi zilizotengenezwa kwa bunduki za baruti. Juu ya silinda ya HW80 kuna vitundu vidogo, na kishikio cha darubini chenye pini huingia humo ili kisitambae nyuma.

Kisha ishike kwa ulegevu. Sehemu ya mbele ilale juu ya kiganja kilicho wazi, bega liguse tu, shavu likae kidogo. Bunduki ya springi inataka iruke kwa namna ileile kila mara, na ukiikaba, mkazo wako unabadilika kutoka risasi hadi risasi na shabaha inatawanyika. Kwa mita 25, HW80 yenye afya na mpigaji aliyetulia huweka risasi tano ndani ya sarafu ya pauni mbili. Zikitawanyika ghafla wiki chache baadaye, anza na bisibisi kwenye skrubu za kitako kabla ya kulaumu kitu kingine.

Nawa mikono baada ya kushika risasi za madini ya risasi. Usiiache bunduki ikiwa imekokiwa, hata kwa muda wa chai. Mtutu ufutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ukimaliza, silinda ya ndani isiguswe. Mlio wa kusaga ukirudi, shashi ikianza kuruka, au takwimu za kronografu zikianza kushuka, hapo ndipo utakapoitoa tena kwenye kitako chake.